Sinema katika nyumba yenye mgonjwa

Mama yangu aliposhuka botini bandarini Dar es Salaam, Mei 2022, alikuwa na mkoba wa nguo, faili la vipimo, na kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Nilidhani ameniletea visheti. Tulipofika nyumbani Magomeni nikakifungua: ndani mlikuwa na kofia ya viua, ile ya vitundu vya kushonwa kwa mkono, aliyokuwa ameanza kuishona kabla ya kutolewa titi kwa saratani, vidonge vya uzi mweupe, sindano mbili na kastabani. Nikakifunga tena, nikakiweka juu ya kabati. Nikamwambia, "Mama, haya ya kofia tuyaache kwanza. Tumekuja kwenye matibabu."

Akasema, "Haya, mwanangu."

Siku ya kwanza tu nilikuwa nimeshamnyang'anya kazi ya mikono yake, na moyoni nikijiona mtoto mwema.

Wiki ileile sikulipia king'amuzi. Televisheni nikaifunika kitambaa. Kwenye timu yetu ya mpira wa pete, ambayo nilicheza nayo kila Jumamosi jioni, nikatuma ujumbe kwamba nina mgonjwa, wasinihesabu. Hakuna aliyeniamuru. Niliona aibu kucheka katika nyumba ambayo mtu anatapika chumba cha pili. Niliona kama nikifurahi hata kidogo, Mungu ataniuliza: hivi huyu mama yako unamuuguza au unamsindikiza?

Mama ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Katika ujana wake, Jumapili mjini ilikuwa ya sinema. Kulikuwa na Majestic pale Vuga, Cine Afrique upande wa Malindi, na Empire karibu na soko la Darajani. Alitusimulia tangu tukiwa wadogo: buibui limepigwa pasi, nguo zimefukizwa udi, senti za bisi zimefungwa kwenye pindo la kanga, na msukumano wa tiketi dirishani. Filamu zilikuwa za Kihindi na hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili, lakini wanawake walitoka wakiimba nyimbo zake, na kisa kikajadiliwa barazani mpaka Jumapili ya pili. Hata leo ukimtajia Amitabh Bachchan au Hema Malini anakaa vizuri kitini. Huyu ndiye mtu niliyemfunikia televisheni.

Dripu za dawa za saratani zilianza mwishoni mwa Mei. Mpango ulikuwa dripu nne za mwanzo, kila moja baada ya siku 21, kisha nne za dawa nyingine, kisha mionzi. Katika zile nne za mwanzo kuna dawa nyekundu, rangi yake hasa ni ya juisi ya choya. Nesi alituonya mapema kwamba hata mkojo utakuja na wekundu siku hiyo, tusishtuke. Namshukuru sana kwa neno lile, maana bila yeye ningepiga kelele chooni. Mama mpaka leo hanywi choya.

Dripu mbili za kwanza zilipita nyumba ikiwa kimya. Nilikuwa nikitembea kwa ncha za vidole. Wageni wakija tunazungumza kwa sauti ya chini, na mazungumzo ni yaleyale: umekula nini, umetapika mara ngapi, damu imesomaje. Wakiondoka, mama anageukia ukutani.

Usiku wa dripu ya pili nilizinduka saa nane. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Mama ameketi wima, macho makavu. Sikujua wakati huo kwamba miongoni mwa dawa wanazopewa kuzuia kutapika imo inayofukuza usingizi, na kwamba usiku wa kwanza baada ya dripu wengi hawalali. Nilijua tu kwamba mama yangu yuko macho peke yake. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba hii ina kimya cha matanga. Kwani mimi nimeshakufa?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa naye mpaka adhana ya alfajiri.

Mchana wake nikatoa kile kitambaa. Nikaenda kwa kijana mmoja mtaani anayerusha filamu kwenye flashi, nikamwambia nataka za Kihindi za zamani, za miaka ya sabini, zenye nyimbo nyingi. Aliniangalia kwa mshangao, akasema hizo haziulizwi, ila atatafuta. Flashi nilinunua kwa shilingi 18,000 na kila filamu alinirushia kwa 500. Wakati huo nilidhani kazi imekwisha. Kumbe nilikuwa sijui hata nianzie wapi.

Jioni ya kwanza nilitaka kumrudishia Majestic yake yote, kwa hiyo nikakaanga bisi. Harufu ya mafuta ilipofika sebuleni mama aliinuka akakimbilia ndoo, na filamu ikawa imeishia kwenye majina ya waigizaji. Anayetumia dawa hizi pua yake si ile unayoijua wewe. Kitu alichokipenda miaka hamsini kinaweza kuwa adui kwa wiki mbili, kisha kikarudi kuwa rafiki. Tulichokuja kukipata ni barafu za ukwaju, vipande vidogo vya kumung'unya, na hata hizo ni kwa siku ambazo hana vidonda mdomoni. Akiwa na vidonda, ukwaju ni moto. Siku hizo ni maji baridi tu, na hakuna kupika chochote saa ya filamu.

Kosa la pili lilikuwa la uchaguzi, au ndivyo nilivyoamini. Katikati ya filamu ya tatu, mama wa shujaa akaanza kukohoa, na kila aliyekulia kwenye filamu za Kihindi anajua kikohozi kile maana yake nini. Niliruka nikashika rimoti. Mama alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama amebakiwa nayo. "Acha," akasema, "niache nilie." Akalia kweli, kwikwi mpaka mwisho wa wimbo, akajifuta kwa upande wa kanga, akaomba chai ya tangawizi. Tangu apewe majibu ya kipimo sikuwa nimemwona akilia. Alikuwa akijikaza kwa ajili yangu, na mimi nikijikaza kwa ajili yake, na tukapata ruhusa kwa msiba wa mtu wa kwenye kioo. Baada ya siku hiyo niliacha kumchagulia. Nilikuwa namsomea majina, yeye anasema hii, au hii hapana. Wapo wagonjwa wasiotaka kabisa kuona kifo kwenye filamu, na nao wako sahihi. Muulize mwenyewe.

Nilichojifunza polepole, kwa kuandika kwenye daftari, ni kwamba siku 21 za dripu zina majira yake kama mwaka. Usiku wa kwanza na wa pili hakuna usingizi, basi hizo ndizo tulizoangalia filamu ndefu, saa tatu nzima, sauti ya chini. Kuanzia siku ya tatu mpaka ya sita hakuna chochote. Mwili unakuwa kama umepigwa, mwanga wa kioo unamuumiza, na ukimwuliza "Mama, nikuwekee filamu?" unamwongezea kazi ya kukataa. Siku hizo tulisikiliza redio, taarabu za zamani kwa sauti ya kunong'ona, au nilikaa tu. Kuanzia kama siku ya saba mpaka ya kumi na nne anapata nguvu kidogo, anataka watu, anataka kutoka, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ndizo siku ambazo chembe nyeupe za damu zinashuka na mwili hauna askari. Mimi nilitaka kumpeleka kwenye jumba la sinema siku ya tisa. Nilikuwa nimeshauliza bei ya tiketi. Nesi aliniambia kwa simu, bila kunilaumu, niwaepuke watu wengi waliobanana chumba kimoja mpaka wiki ya tatu. Wiki ya tatu ndiyo sikukuu: ulimi unarudi, anacheka, anakosoa mapishi yangu. Kama una jambo la furaha unataka kulifanya naye, lifanye wiki hiyo, na lifanye mapema, maana Jumatatu inayofuata ni dripu nyingine.

Jambo jingine nililochelewa kulielewa ni kwamba alikuwa hawezi tena kufuata kisa kipya. Nilimwekea tamthilia mpya ambayo mtaa mzima ulikuwa unaizungumzia, na kila baada ya dakika kumi ananiuliza, "Huyu ni nani? Si yule aliyefukuzwa?" Nilimjibu vibaya mara moja, kwa mkato, na nilimwona akinyamaza kama mtoto. Dawa hizi huwafanya wengi wasahau na mawazo yakawa mazito. Filamu alizozijua tangu ujanani hazikumtesa hivyo. Alikuwa anajua nani atakufa, nani ni ndugu wa nani waliopotezana utotoni, wimbo gani unafuata. Kwa saa zile alikuwa yeye ndiye anayenieleza mimi, na mimi ndiye ninayeuliza. Niseme wazi: katika miezi ile yote, hakuna dawa niliyoiona ikimnyoosha mgongo kama kuulizwa kitu anachokijua.

Wodini nako tulijaribu. Dripu ya siku moja huchukua saa kadhaa, ukijumlisha na kusubiri damu isomwe ni asubuhi mpaka alasiri. Nilinunua hedifoni za 10,000, sikio moja lake, moja langu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Mara ya kwanza tulicheka kwa sauti, na kitanda cha tatu kulikuwa na dada anaugulia. Nilimwona mume wake akitutazama. Nilikwenda kumwomba radhi, akasema hakuna neno, lakini moyo uliniuma siku nzima. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita kwanza vitanda vya jirani, nawasalimu, nauliza kama kuna anayetaka utulivu. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Siku moja mama mmoja kutoka Lindi alisema, "Sisi tuangalie nini, ukuta?" Nikageuza kiti, nikachomoa hedifoni, nikapunguza sauti, wakaangalia watatu, kila mmoja na dripu yake, mama yangu akiwatafsiria Kihindi ambacho hakijui.

Ila hapo kuna tahadhari. Ile dawa nyekundu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mgonjwa akizama kwenye filamu anaweza kupuuza mchomo mkononi. Kila baada ya muda mfupi nilisimamisha filamu nikautazama mkono: umevimba? unawaka? Kikitokea chochote, nesi anaitwa papo hapo.

Sasa nafika mahali ambapo natamani nisifike. Ilikuwa Julai, siku ya kumi baada ya dripu ya tatu. Yule kijana wa flashi alikuwa ameipata filamu ambayo mama aliitafuta miaka, aliyoiona Empire akiwa msichana na hakuwahi kuiona tena. Tulianza baada ya isha. Katikati akaomba kanga ya pili. Nikampa. Baadaye akaomba shuka. Nikampa, macho yangu yako kwenye kioo. Nilipomgusa paji la uso lilikuwa la moto. Akasema, "Joto la chumba hilo. Tumalize kwanza." Nami, kwa kuwa nilikuwa sijamwona na uso ule tangu alipofika, nikakubali. Nusu saa ikapita. Meno yakaanza kugongana. Kipimajoto kikasoma 38.6.

Tulikuwa tumeshaambiwa tangu dripu ya kwanza: ikifika 38 ni hospitali, iwe saa ngapi. Tulipanda bajaji saa tano usiku. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka sana, akaanzishiwa dawa za kuua vijidudu kwa dripu, akalazwa siku tano. Alipona. Daktari alinieleza kwamba homa ya mgonjwa wa aina hii haisubiri asubuhi, na kwamba wengine hawafiki. Nilikaa kwenye benchi la nje usiku ule nikiapa kwamba sitawasha televisheni tena maishani mwangu.

Mama ndiye aliyenitoa kwenye kiapo kile. Siku ya nne ya kulazwa alinivuta sikio, kweli kabisa, kama nina miaka saba. Akasema aliyeficha homa ni yeye, filamu haina kosa. Tukawekeana masharti. Kipimajoto na rimoti vinakaa kikapu kimoja. Hakuna filamu kabla ya kupima, na nusu ya filamu tunapima tena. Ikifika 38 tunazima tulipofikia, hata kama ni wimbo. Na hakuna kumeza panadoli kabla ya kupima, kwa sababu inashusha joto na kuficha ugonjwa uliopo chini. Kipimajoto cha kidijitali kilinigharimu 10,000. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu kati ya king'amuzi na kipimajoto, usifikirie mara mbili.

Baada ya homa ile mwili wangu nao ulisema. Nililala kwenye daladala nikapitiliza kituo mara mbili katika wiki moja. Nilimfokea mama kwa sababu ya uji uliomwagika, uji wa shilingi mia tano, kisha nikaenda kulia bafuni na maji nimeyafungulia. Jirani yangu, mpangaji wa chumba cha mbele, ndiye aliyesikia. Jumamosi ilipofika alikuja na mkeka wake akasema, "Nenda kwenye mpira wako, dada. Saa mbili. Mimi nipo." Nilikataa. Mama akasema kutoka ndani, "Nenda, mwanangu, unanichosha."

Sijawahi kucheza vibaya kama siku ile. Nilikuwa mfungaji, na mipira yote ilikuwa inagonga chuma. Lakini nilirudi nyumbani nimelowa jasho, vumbi limefika magotini, na mama ananingoja mlangoni: "Mmefunga ngapi?" Nikamweleza. Akataka kujua nani alianguka, nani aligombana na mwamuzi, yule mrefu wa timu pinzani bado anasukuma? Tulizungumza mpaka usiku na neno saratani halikutajwa. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekifanya miezi miwili: nilikuwa nimejifungia naye ndani, wote wawili, tukawa hatuna la kuambiana ila ugonjwa. Mgonjwa asiyetoka anahitaji mtu anayetoka, arudi na habari.

Kwa hiyo Jumamosi ikawa yangu, kwa mpango. Jirani alijua kusoma kipimajoto. Faili la hospitali na pesa ya bajaji vilikaa mlangoni kwenye mfuko mmoja. Simu yangu aliishika mchezaji wa akiba, si mkobani. Mara moja tu iliita, na ilikuwa mama anauliza matokeo ya kipindi cha kwanza.

Wapo waliotusema. Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuja Jumapili moja na wageni kutoka Unguja akakuta wimbo unapigwa na mama ametingisha kichwa. Alisema mgonjwa anasomewa Yasini, hapigiwi ngoma. Mimi niliinamisha kichwa. Mama akamjibu kwa adabu: "Yasini nimeisoma baada ya alfajiri, kaka. Nimebakiwa na mchana mzima." Mjomba hakuridhika, na nadhani mpaka leo hajaridhika, na namheshimu, anampenda dada yake kwa namna yake. Nilichofanya ni kupanga saa za wageni ziwe asubuhi, na sauti kuzimwa kabisa wakati wa adhana, ili pasiwe na ugomvi usio wa lazima mbele ya mgonjwa. Kama una mzee kama mjomba, usibishane naye wewe. Mwache mwenye mwili ajibu.

Kofia ilishuka kutoka juu ya kabati mwezi wa Agosti, dripu zilipobadilika. Nilichelewa. Ile dawa ya pili haikumtapisha kama ya kwanza, lakini ilimletea ganzi vidoleni. Sindano ikawa inamponyoka bila yeye kuhisi. Juu ya hilo, mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji haukutakiwa kuchomwa wala kukatwa, kwa hiyo hata kastabani haikutosha kunituliza. Mwezi Mei vidole vyake vilikuwa vizima na mimi nikamwekea kofia juu ya kabati. Hilo halina dawa.

Akasema basi nishone mimi, yeye atasema. Kiua ni kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi, kimoja baada ya kingine, mamia, na lazima vilingane. Vyangu havikulingana. Alikuwa akivigusa kwa ncha ya kidole chenye ganzi, anashindwa kuhisi, kisha anavisogeza karibu na macho: "Hiki kimelala. Fumua." Nilifumua mpaka nikaota nafumua. Kuna wakati nilitaka kumwambia tununue iliyoshonwa tayari. Lakini kila jioni alikuwa na jambo la kungojea, na ni jambo ambalo hospitali haihusiki nalo. Tulishona viua vitano, sita kwa siku. Siku mbaya, kimoja.

Kuhusu pesa, niseme tu kwamba king'amuzi cha kifurushi kidogo, filamu za flashi na nyuzi, kwa mwezi havikufika gharama ya wiki moja ya bajaji. Kilichotugharimu kweli ni nauli, vipimo, chakula cha kumshawishi ale, na siku nilizokatwa mshahara. Burudani ndiyo niliyoifuta kwanza kwa kudhani nabana matumizi, na ndiyo ilikuwa rahisi kuliko yote. Nilipokosea kwa pesa ni kwenye bando: nilianza kwa kuangalia filamu mtandaoni kwa simu, na bando la wiki likaisha siku mbili. Flashi na duka la mtaani vilituokoa.

Mionzi ilianza Novemba, Taasisi ya Saratani Ocean Road, siku 25, Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwenye mashine ni dakika chache. Ngozi ya kifua iliungua ikawa nyeusi, alivaa kanga nyepesi peke yake, bila manukato wala mafuta ila aliyopewa. Uchovu wake ulikuwa wa aina nyingine, wa kuongezeka kidogokidogo kila siku, na wiki ya tatu hata filamu alizozijua kwa moyo alisinzia kabla ya wimbo wa kwanza. Sikumwamsha. Nilikuwa nimeshajifunza kutomlazimisha kufurahi.

Lakini pale ni ufukweni, kwenye mlango wa bandari. Meli na boti zote zinazoingia Dar es Salaam zinapita mbele yako. Siku ya pili, tukisubiri zamu yetu kwenye kivuli, mama alinyoosha kidole: "Ile inatoka Unguja." Ilikuwa kweli. Kesho yake akaangalia saa. Kufikia wiki ya pili alikuwa anazitambua kwa umbo zikiwa bado mbali, anajua ipi imechelewa, na wagonjwa wengine walikuwa wakimuuliza. Nilimnunulia daftari la kurasa 48. Mkono wenye ganzi uliandika kwa herufi kubwa zilizolala: saa, boti, bahari imechafuka au shwari. Hakukosa siku. Asubuhi ambazo miguu ilikataa kuinuka kitandani, nilikuwa namwambia tu, "Mama, ya saa tatu itapita bila wewe," naye anaomba buibui.

Ile filamu ya usiku wa homa bado imo kwenye flashi. Nilishamuuliza mara mbili kama tuimalizie. Anasema bado.

Kofia tuliimaliza Desemba, wiki ambayo mionzi iliisha, na tukaipeleka Unguja pamoja. Alikataa kukaa ndani ya boti. Alisimama nje ameshika chuma kwa mkono mzima, na tulipotoka kwenye mlango wa bandari tukawa mbele ya hospitali, akapunga mkono kuelekea pale kivulini, kwa watu ambao kwa umbali ule hatukuweza kuwaona. Kisha akatoa daftari, akaangalia saa, akaandika.